Pima Kabla ya Kufungua

Mjini Lamu mizigo hubebwa na punda, na punda akigoma, mwenyewe humkagua kwato kabla ya kumlaumu. Ng'ambo, huko Mokowe, niliisahau hekima hiyo. Pikapu yangu kuukuu, yenye gia za kujibadilisha zenyewe, ilipakia vitabu vya shule kuelekea Hindi. Injini ikanguruma sana, gia ya tatu ikakawia kuingia. Fundi wa kwanza akahukumu: giaboksi ifunguliwe, kwa gharama iliyoupita mshahara wangu.

Fundi wa pili, mtu mzima, akanizuia: "Mwalimu, tupime kwanza." Injini ikiwa moto na inazunguka, akachomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, akakifuta, akapima. Mafuta yalikuwa mekundu na kamili. Yangekuwa meusi, yananuka kuungua, hofu ingekuwa na msingi. Kisha akaufuata waya utokao kwenye mtambo wa kanyagio la mafuta hadi giaboksi. Ulikazwa kupita kiasi, ndio uliochelewesha gia. Akaulegeza, tukafika.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akikwama, nasi huhukumu upesi hivyo hivyo. Tumpime kwanza: pengine hasikii vyema, pengine hajala.