Karte Yako ya Banki Iko Wapi?



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ngumu, vumbi la mawe na malaria. Leo nitasema juu ya deni. Msicheke. Mtu asiyelala usiku ni hatari kwa wenzake shimoni sawa na mlevi, na wengi wanaokuja dispanseri kuniomba dawa ya usingizi, shida yao si usingizi.

Alikuja mmoja, baba wa watoto watano, dereva wa mashine. Kichwa kinamuuma, moyo unapiga mbio. Nilipopima tansio nikakuta 17 kwa 10. Chumvi? Kidogo. Pombe? Hapana. Akaangalia mlango, akaona tumebaki wawili tu, akasema: "Mganga, karte yangu ya banki iko kwa Lambert, sasa mwezi wa saba. Bibi yangu hajui." Wiki ile ile alikuwa amesinzia kazini, na kapita ndiye aliyemwamsha kabla mashine haijamfikia mwenzake.

Kwa wasioijua, "Banque Lambert" ni jina la mzaha ambalo Wakongo wameyapa mikopo ya riba ya mitaani. Banki ya zamani ya Ubelgiji yenye jina hilo haimo katika mambo haya. Zamani mkopeshaji alishika redio au mbuzi. Tangu mwaka 2011 serikali ilipoanza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya banki, na kampuni nyingi nazo zikilipa hivyo, amepata rehani bora zaidi: karte yako pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara yeye ndiye anayetangulia kwenye mashine ya banki. Anajikatia chake, wewe unapewa mabaki.

Tufanye hesabu. Wengi wanakopesha kwa nusu: umechukua dola 100, mwisho wa mwezi unadaiwa 150. Usipolipa, mwezi wa pili ni 225. Mwezi wa tatu ni 337 na nusu. Nani kati yetu ana mshahara unaopanda hivyo?

Mimi ni mtoto wa Mboko, na deni si kitu kigeni kwetu. Mwezi ukiwa mpevu, ndagala hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukoni, na mvuvi anakopa unga wa muhogo na mafuta butikini. Giza likirudi, ziwa linatoa, naye analipa. Deni lile linajua siku yake ya kufa. (Mimi pia nimeandikwa kwenye daftari la butiki moja, tusidanganyane.)

La dereva wetu lilikuwa la namna nyingine. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa ada ya shule. Wa pili, simu. Wa tatu, kitenge kwa bibi na bia kwa marafiki. "Nikishika pesa ya kukopa," aliniambia, "najisikia mtu. Siku tatu baadaye nina aibu, na aibu inanirudisha kule kule." Ndiyo maana ninaliandika katika ukurasa wa afya. Huko Marekani, ambako watu huzama katika deni kwa karte za mkopo, mwaka 1976 wadeni walianza chama New York, Debtors Anonymous, kwa kufuata njia ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Hukutana, husema deni lao bila kuficha, na huandika kila senti inayotoka.

Sisi tulianza na kusema. Ilimchukua wiki mbili kumwambia bibi yake, na usiku ule, nasikia, haukuwa mzuri. Kisha mama yule alimshangaza: alijua karte haipo, alifikiri iko kwa mwanamke mwingine. Wakaenda pamoja kwa mkopeshaji, na shemeji, na mjumbe wa sendika kama shahidi. Wakaandikiana: riba isimame, lililobaki lilipwe kwa miezi mitano, karte irudi sasa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, maana mdeni aliyefukuzwa kazi hana faida kwake.

Sasa kila jioni bibi anaandika matumizi kwenye daftari la mtoto la shule: ndagala, sabuni, makala. Bwana ameingia likelemba ya watu kumi, na zamu yake ya kupokea ameiomba iwe Septemba, kwa ajili ya shule.

Vidonge vya tansio bado anakunywa, asiviache bila kuniuliza. Mara ya mwisho nilimkuta na 14 kwa 9. Limebaki fungu moja la kulipa. Karte iko ndani ya sanduku la bibi yake, chini ya vitenge, na ufunguo hana.