Meli kwa Milioni Moja, Kuizamisha kwa Kumi

Mwaka 1952, katika safari yake ya kwanza, SS United States ilivunja rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki. Mwaka 2024 kaunti ya Okaloosa, jimboni Florida, iliinunua ili iizamishe kwa makusudi iwe mwamba bandia: nyumba ya samaki na uwanja wa wazamiaji. Chuma chote hicho, chenye urefu wa mita 302, kilipewa bei ya dola milioni 1. Bajeti ya kazi nzima inapita dola milioni 10. Aliyenunua meli, basi, bado hajanunua kitu.

Hela inaliwa na usafi. Meli za zamani zilijengwa kwa nyaya ambazo maganda yake yana kemikali za PCB, sumu inayopanda kutoka samaki hadi sahani. Kuna asbesto, kuna rangi zenye risasi, kuna mafuta yaliyoganda matangini. Vandenberg, iliyokuwa ikifuatilia makombora kwa ajili ya jeshi la Marekani, ina urefu wa mita 159 tu, lakini kabla ya kuzamishwa karibu na Key West mwaka 2009 ilitolewa zaidi ya tani 10 za asbesto na takriban kilomita 240 za nyaya. Ukizitandaza nyaya hizo kutoka Dar es Salaam zinafika Morogoro na kubaki. Mradi wote uligharimu dola milioni 8.6. Kuzama kwenyewe hakukufika dakika 2.

Oriskany, manowari ya kubebea ndege, ndiyo iliyovunja mfuko: karibu dola milioni 20 za jeshi la majini. Baruti iliyowekwa ilikuwa kama kilo 230. Hiyo ndiyo sehemu inayopigwa picha, nayo ni chembe tu ya gharama. Dakika 37 baada ya mlipuko, tarehe 17 Mei 2006, meli ilikuwa chini, kilomita kama 38 kutoka Pensacola.

Anayeona usafi ni anasa aende akaone matairi. Miaka ya 1970, karibu na Fort Lauderdale, yalimwagwa baharini matairi zaidi ya milioni 2 yaliyofungwa mafungumafungu, kwa matumaini kwamba matumbawe yangeota juu yake. Vifungo vilikatika, na matairi yakaanza kutembea na mawimbi yakigonga matumbawe ya asili jirani. Wazamiaji wa jeshi waliletwa miaka zaidi ya 30 baadaye kuyatoa, moja baada ya jingine. Ulikuwa mwamba wa bei poa kweli.

Sasa tuje kwa mzamiaji aliyekodi nafasi kwenye boti. Yeye haulizi meli iligharimu kiasi gani. Anauliza atakaa chini dakika ngapi. Jibu liko kwenye kina, na linapigiwa hesabu na saa mbili zinazokimbizana.

Saa ya kwanza ni hewa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400. Toa baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 56 akiwa mita 18, 80 akiwa mita 30, na 100 akiwa mita 40, kwa sababu kila mita 10 huongeza shinikizo kwa baa 1. Kwa hiyo hewa inamtosha dakika 32, au 22, au 18. Saa ya pili ni naitrojeni inayoingia mwilini. Jedwali moja linalotumika sana humruhusu asiyetaka vituo vya kutoa naitrojeni wakati wa kupanda akae dakika 56 kwenye mita 18, dakika 20 kwenye mita 30, na 9 tu kwenye mita 40.

Angalia zinavyopishana. Mita 18 hewa inaisha kwanza. Mita 40 naitrojeni inakufukuza ukiwa na nusu ya hewa yako. Karibu na mita 30 saa zote mbili zinalia karibu pamoja.

Irudie Oriskany na hesabu hizo. Sitaha yake ya ndege ilitua kwenye mita 41 hivi, hapohapo kwenye mpaka wa uzamiaji wa kawaida, ambao ni mita 40. Mwaka 2008 kimbunga Gustav kiliididimiza meli mita kama 3 zaidi. Mwenye cheti cha kawaida akabaki kuitazama sitaha kwa juu, akizunguka mnara tu. Tuseme amelipa dola 200 kwa mizamio miwili, yaani 100 kila mmoja. Hata akishuka hadi mita 40, dakika 2 zinaliwa na kushuka, anabaki na 7: zaidi ya dola 14 kwa dakika. Kwenye mita 18, kwa nauli ileile, ni kama dola 3. Na meli yenyewe ni mita 270 hivi; anayepiga mapezi polepole, mita 15 kwa dakika, anahitaji dakika 18 kutoka tezi hadi omo. Ukubwa huo anausoma kwenye tangazo, hauoni.

Nadhani Okaloosa wamelisoma somo hilo: mpango wao ni sakafu ya bahari ya mita 55, lakini sitaha ya juu ya United States ibaki karibu na mita 18.

Dhoruba nayo si adui kila mara. Spiegel Grove, meli nyingine iliyoandaliwa kuzamishwa pale Key Largo, ilizama kabla ya wakati wake mwaka 2002, ikapinduka juu chini, ikalazwa ubavu kwa kazi ya ziada. Kimbunga Dennis cha mwaka 2005 kiliisimamisha wima, bila ankara.

Kwetu Mombasa ipo MV Dania, meli iliyokuwa ikisafirisha ng'ombe, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002. Ni mita 80 tu, na imesimama kwenye mita 30 hivi. Kwa mapezi yale yale ya polepole, kutoka tezi hadi omo ni dakika 5 na kidogo. Unaenda, unarudi, na dakika zinabaki za kuchungulia madirishani.