Je, Wajua Kifungo cha Askari Hukaguliwa Mgongoni?

Tarehe 22 Januari 1879, chini ya mlima wa Isandlwana huko Afrika Kusini, jeshi la Wazulu liliivamia kambi ya Waingereza na kuiangamiza. Upande wa Uingereza ulipoteza watu zaidi ya 1,300, mamia yao wakiwa askari wa Rejimenti ya 24. Kitu chochote kinachodaiwa kutoka pale hupata wateja, na kifungo cha sare ni chepesi kughushi: ni kidogo, ni cha shaba njano, na hakiji na hati.

Anzia kwenye historia kabla ya kushika kioo cha kukuzia. Mwaka 1767 rejimenti za Uingereza ziliamriwa kuweka namba zao kwenye vifungo. Vya askari wa kawaida vilikuwa vya bati hadi 1855, vilipogeuzwa kuwa vya shaba njano. Kisha mwaka 1871 namba ikaondolewa kwa askari hao. Wote wakapewa kifungo kimoja chenye nembo ya ufalme: simba na farasi mwenye pembe wameshikilia ngao, na taji juu yake. Maofisa waliendelea na namba mpaka 1881, rejimenti zilipoacha kuitwa kwa namba. Kwa hiyo askari wa kawaida aliyekufa Isandlwana hakutarajiwa kuvaa kifungo chenye “24”. Mnunuzi huitamani namba hiyo, na mghushi anajua hivyo.

Taji nalo lina tarehe yake. Enzi za Malkia Victoria, matao ya taji yalibonyea katikati. Baada ya kifo chake mwaka 1901 likaja taji lenye matao yaliyoinuka kama kuba, likadumu hadi enzi za Elizabeth wa Pili. Kifungo chenye taji hilo la kuba hakikuwapo vita vya Wazulu, hata muuzaji aape. Lakini usiligeuze kipimo hiki kichwa chini: taji la Victoria halithibitishi kwamba kifungo kilivaliwa enzi zake, maana vifungo vya zamani viliendelea kutumika. Tena, taji lililotumika tangu 1953 nalo limebonyea katikati, na wengi hulichanganya na la Victoria.

Sasa kigeuze. Uso wa kifungo umetengenezwa ili utazamwe, na ndiko mghushi anakopeleka jitihada zake. Mgongoni ndiko huwa anazembea. Kifungo halisi cha shaba cha wakati huo kwa kawaida kina vipande vitatu: bamba la mbele lililogongwa kwa muhuri wa chuma, bamba la nyuma, na kitanzi cha waya. Ukingo wa bamba la mbele umekunjwa kukumbatia la nyuma, na mkunjo huo huonekana wazi ukikizungusha mwangani. Kilichosubiwa katika kalibu mara nyingi ni donge moja zito, lina vitobo vidogo vya hewa, na pengine mstari pembeni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Manyoya ya simba huwa butu, hata kama kifungo hakijachakaa.

Kuna dalili nyingine ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji jicho la bingwa. Shaba njano ikipoa husinyaa kwa asilimia 1.5 hivi. Anayetumia kifungo halisi kutengeneza kalibu hupata nakala iliyo ndogo kidogo kuliko mama yake. Kalipa (kipimio cha upana) na kifungo cha uhakika cha aina ileile vitaifichua.

Soma pia jina la mtengenezaji. J.R. Gaunt wa Birmingham alianza biashara mwaka 1884. Kifungo chenye jina lake hakiwezi kuwa cha Isandlwana, miaka mitano kabla ya kampuni kuwapo. Majina mengine, kama Firmin wa London, ni ya zamani zaidi, hivyo hayatoshi peke yake.

Kutu ya kijani ndiyo inayowadanganya wengi. Amonia na chumvi huileta kwa muda mfupi, lakini hutoka unga unga, rangi moja kila mahali, na kitambaa chenye maji huweza kuiondoa. Kutu ya udongoni hujijenga kwa tabaka, aghalabu nyekundu ya kahawia chini na kijani juu, nayo hushikamana na shaba. Usiisugue. Ukiisugua umeharibu ushahidi na thamani kwa pamoja.

Kigumu zaidi ni kifungo kilichogongwa upya kwa muhuri wa zamani, kwa ajili ya wanaoigiza vita au wanaoshona sare za maonyesho. Hicho si udanganyifu mpaka mtu akiuze kama cha kale. Uso wake unaweza kupita kila mtihani, basi amua kwa waya mpya, lehemu safi na bamba la nyuma lisilolingana na umri wa mbele.

Na kikithibitika kuwa halisi, bado uliza kilitoka wapi. Sheria ya urithi ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inalinda vitu vya historia ya kijeshi vyenye zaidi ya miaka 75, na kuvichukua uwanjani bila kibali ni kosa. Muuzaji anayejivunia kwamba alikichimba mwenyewe Isandlwana, usimnunulie.