Tusingoje Kuchangia Sanda

Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula. Kwa hiyo saratani ikianza humo haionekani upesi.

Dawa zake zimesonga mbele. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha jemsitabini. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa walieleza kuwa waliwachanganyia dawa nne wagonjwa ambao saratani ilikwisha kuwaenea mwilini. Nusu yao wakaishi zaidi ya miezi 11, ambapo kwa jemsitabini peke yake ni karibu 7. Hiyo ni nafuu, wala si kupona. Tumaini la kupona lipo zaidi kwa yule ambaye uvimbe wake umewahiwa, ukakatwa, kisha akapewa dawa.

Basi mzee wa Katesh au mama wa Dongobesh akiona macho yamegeuka manjano, anakonda bila sababu, au maumivu ya tumbo yanapenya hadi mgongoni, asikae nyumbani akinywa mizizi. Na aende upesi akapimwe katika hospitali ya Haydom. Ikibidi apelekwe KCMC, Moshi, au Ocean Road, Dar es Salaam, wanakotibu saratani.

Safari ni ndefu na nauli ni nzito. Tumchangie nauli angali anatembea, tusingoje kumchangia sanda.