Istilahi za Usalama wa Maji ya Kuogelea Ufukweni

Miongoni mwa maandishi mafupi yanayomfikia mfasiri, ni machache yadaiyo uangalifu kama tangazo la ufukweni. Hati ya mkataba hujadiliwa kabla ya kutiwa saini. Tangazo la pwani husomwa na mtu ambaye amekwisha kuvua viatu. Makala haya yanakusudia kueleza dhana nne za fani hii, pamoja na maneno yafaayo kuzibeba.

(a) Kuoga na kuogelea. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 juu ya ubora wa maji ya fukwe hutumia, katika Kiingereza, neno moja kwa aogeleaye na kwa ajitosaye tu majini. Anayefasiri "maji ya kuogea" humpeleka msomaji bafuni. "Maji ya kuogelea" ndiyo yafaayo kwa jina. Lakini katika katazo neno hilo ni finyu, kwa kuwa mtoto asimamaye katika maji ya kiunoni haogelei. Hapo hapana budi kuandika: "Usiingie majini."

(b) Safi, maangavu, salama. Maji maangavu yaweza kuwa na vijidudu vya maradhi, na maji yaliyovurugwa na mchanga yaweza yasidhuru. Wataalamu hupima bakteria watokao matumboni, hasa enterokoki, ambao hudumu katika maji ya chumvi kuliko E. koli. Aghalabu hao si chanzo cha ugonjwa, bali ni dalili kwamba kinyesi kimefika majini; kwa hiyo waitwe "bakteria viashiria". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 uliweka daraja la juu kuwa enterokoki wasiozidi 40 katika mililita 100, na la chini kuwa zaidi ya 500, kwa kiwango ambacho sampuli 95 katika kila 100 hazikipiti.

Kipimo cha kuotesha bakteria huchukua yapata siku nzima, na kwa hiyo ubao hueleza maji ya jana. Mahali kama Dar es Salaam, ambako mto Msimbazi huingia baharini ukiwa umepita katikati ya mji, mvua ya masika yaweza kubadili hali kwa saa chache. Basi "Maji haya ni salama" ni kudai kuliko kipimo kinavyoruhusu. Ni afadhali kuandika: "Yalipimwa tarehe fulani, yakaonekana yanafaa."

(c) Mkondo wa kurudi. Mawimbi husukuma maji pwani, nayo hayana budi kurudi. Yapatapo upenyo kati ya mafungu ya mchanga au miamba, hutoka kwa nguvu, pengine kuliko mwendo wa mwogeleaji hodari. Mkondo huo si kupwa kwa maji, wala haumvuti mtu chini. Humchukua mbali na pwani. Kwa sababu hiyo tusiufasiri kwa maneno ya "kupwa" wala "kumeza". Anayedhani anavutwa chini hutaharuki na kupambana nao hadi achoke, ilhali inampasa aelee, aite msaada, au aogelee sambamba na ufukwe mpaka autoke.

(d) Kuzama na kufa maji. Mwaka 2002, mjini Amsterdam, wataalamu walikubaliana kwamba jambo hili ni mwenendo wa kupungukiwa na pumzi kwa sababu ya kuwamo majini au katika kiowevu kingine. Mwisho wake waweza kuwa kifo, madhara au kupona. "Kufa maji" hutaja mwisho mmoja tu. Fomu ya hospitali iliyoandikwa hivyo haitamhesabu mtoto aliyeokolewa. Yafaa "kuzama majini" liwe jina la mwenendo wote, na "kufa maji" libaki kwa kifo peke yake.

Vilevile tujihadhari na methali isemayo kuwa mfa maji haishi kutapatapa. Wengi wanaozama hawapigi kelele, maana hawana pumzi ya kuitia. Kitabu cha shule kikiegemea methali hiyo, mwanafunzi atangoja kelele zisizokuja.

Kabla rasimu ya tangazo haijapakwa rangi ubaoni, inafaa isomewe mvuvi na mwanafunzi wa jirani, kisha waulizwe wangefanya nini. Majibu yao yakitofautiana, rasimu irudi mezani kwa mfasiri.