Umefika Minnesota? Fungua Akaunti Yako Mwenyewe

Ukitoka Kisii au Nyamira ukaenda Minnesota, ambako Wakisii ni wengi, usikubali mshahara uingie kwa akaunti ya binamu. Mkikosana, jina kwa akaunti ni lake, sio lako.

Tunashauri uulize benki maswali matatu. Mnatoza ada ya kila mwezi? Mnakubali pasipoti kama bado sina nambari ya Social Security? Mna bima ya FDIC? Bima hiyo hulinda hadi dola 250,000 benki ikianguka.

Ukimtumia mama pesa Keroka, usiangalie ada peke yake. Linganisha pia bei ya kubadilisha dola, maana hapo makato hujificha. Na laini iwe imesajiliwa kwa jina lake, pesa isikwame.