Vumbi la Kedong na picha ya gari

Kabla sijatoa kamera mkobani, nateka vumbi kiganjani, naliachia, natazama linakoelekea. Huko sisimami. Udongo wa Kedong, Naivasha, ni wa volkeno, mwororo kama unga, na madereva wa mbio za magari za Safari Rally huuita feshifeshi. Gari likishapita, wingu linaning'inia hewani. Aliyekosea upepo hupata picha moja tu, kisha haoni hata vidole vyake.

Kinachofuata ni hesabu. Gari la kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde. Ukifungua shata ya kamera kwa 1/1000 ya sekunde, halijasogea hata sentimita tatu: kokoto zimeganda hewani, matairi yametulia, utadhani limeegeshwa. Kwa 1/60 linasogea karibu nusu mita. Hapo unakita miguu, unazungusha kiuno ukilifuata, unabonyeza bila kusimamisha mwili. Gari linatoka safi na migunga nyuma yake inakuwa mistari. Picha nyingi za namna hii hutupwa. Mimi bado nazipendelea, kwa sababu mbio ni mwendo.

Safari Rally ilianza 1953, na tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mashirika makubwa ya habari hujaa Naivasha. Sisi tunaojitegemea, mafuta na malazi yakiwa ya mfukoni mwetu, hatuwezi kuwashinda kwa picha ya gari linaloongoza. Tunawashinda kwa kuijua nchi. Nachagua mahali siku moja kabla, nasubiri jua la asubuhi liwe nyuma ya gari ili vumbi liwake, na nawaacha ndani ya fremu watoto waliopanda mti na mchungaji aliyeegemea fimbo.

Upande wa nje wa kona sisimami kamwe, hata mwanga uwe mzuri vipi. Gari likipoteza mshiko, huko ndiko linakoishia, na fulana ya waandishi haizuii chuma. Mara moja niliona gari likiteleza hadi kwenye kichaka nilichokuwa nimekihama dakika chache tu kabla. Mikono ilitetemeka, sikupiga chochote.

Lenzi sibadilishi porini, vumbi lisije likaingia ndani ya kamera. Nabeba kamera mbili. Jioni napanda kilimani kutafuta mtandao, nalinganisha namba ya kila gari na orodha ya washiriki, naandika jina la dereva na la msomaji ramani wake, ndipo namtumia mhariri.